Karabini ya Springfield ya 1873 yenye vipande mchanganyiko: namna ya kuitambua na kuipa thamani

Swali la kwanza ninaloulizwa kila karabini (bunduki fupi) ya Springfield ya mwaka 1873 inapowekwa mezani ni kama namba zake zinalingana. Swali hilo linafaa kwa bunduki nyingine. Mauser za Kijerumani zilipigwa namba karibu kwenye kila kipande, kwa hiyo unasoma, unalinganisha, na jibu unalo. Karabini hii ya wapandafarasi wa jeshi la Marekani ina namba mahali pamoja tu, juu ya fremu (kipande cha chuma kinachoshika mtutu na kilango), nyuma ya kilango kinachofunguka kwenda juu. Mtutu hauna namba. Mti wake, yaani mbao inayobeba mtutu, hauna. Mtambo wa kufyatulia hauna. Anayekuambia kwamba namba za karabini yake zote zinalingana amesema kweli kwa maana moja tu: namba iko moja.

Maana yake ni kwamba kila kipande lazima kipewe umri wake peke yake, kwa umbo, chapa na ukubwa, halafu ndipo uulize kama umri wa vipande vyote kwa pamoja unatoa historia inayoaminika. Karabini nyingi sana za aina hii zina vipande mchanganyiko. Nimezoea kutowauliza wenye mali kama zimechanganywa. Nauliza ni nani alizichanganya na lini, kwa sababu bei inafuata jibu la swali hilo.

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Vuta nyundo hadi kituo cha kati, bonyeza kitasa kilicho upande wa kulia wa kilango kwa kidole gumba, inua kilango, angalia chemba (mahali risasi inapokaa) kwa tochi, kisha ingiza kijiti cha mbao kutoka mdomo wa mtutu mpaka ukione kimetokea nyuma. Bunduki iliyokaa ukutani miaka mingi inaweza kuwa na risasi ndani, na hakuna anayekumbuka. Usiifyatue kujaribu. Chuma chake kilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi ndogo, kioo cha kukuzia, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), futikamba, kijiti kirefu cha mbao na bisibisi zenye ncha inayojaa barabara kwenye mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba itakwaruza kichwa cha skrubu, na kichwa cha skrubu kilichokwaruzwa leo kitamdanganya mthamini wa kesho kwamba bunduki imefunguliwa mara nyingi. Usiende na mafuta ya kung'arishia, wala kitambaa cha kusugulia, wala dawa ya kutoa kutu. Mpaka umalize kuandika ulichokiona, hakuna kinachosafishwa.

Bunduki yenyewe ni hii. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilikuwa na bunduki nyingi mno za kupakia mdomoni, na Erskine S. Allin, fundi mkuu wa kiwanda cha jeshi cha Springfield, Massachusetts, alibuni njia ya kuzikata nyuma na kuzifungia kilango chenye bawaba ili zipakiwe risasi za ganda la chuma. Mwaka 1873 jeshi liliidhinisha toleo jipya la wazo hilo kwa risasi ya inchi 0.45. Askari wa miguu walipewa bunduki ndefu yenye mtutu wa inchi 32 na tano ya nane, karibu sentimita 83. Wapandafarasi walipewa karabini yenye mtutu wa inchi 22, karibu sentimita 56, na risasi yao ilijazwa baruti ya greni 55 badala ya 70 ili teke lake lipungue. Ziliendelea kutumika mpaka bunduki ya Krag ya mwaka 1892 ilipoanza kuchukua nafasi zao, na hata mwaka 1898, katika vita na Hispania, vikosi vya kujitolea vilikuwa bado vinabeba Springfield ndefu.

Kuna jambo moja la kiwandani linalosababisha nusu ya matatizo yote: karabini, bunduki ndefu na zile za wanafunzi wa chuo cha kijeshi zilipewa namba katika mfuatano mmoja. Fremu ilikuwa ya aina moja. Kwa hiyo namba haikuambii kama fremu hiyo ilizaliwa kwenye karabini au kwenye bunduki ndefu. Inakuambia umri wa fremu, basi. Wapo watafiti waliokusanya namba kutoka kumbukumbu za jeshi zilizo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani, na ikiwa namba yako, au namba za jirani sana, imo kwenye orodha hizo ikitajwa kama karabini ya kikosi fulani, una kitu cha maana mkononi. Isipokuwemo, hujapoteza kitu. Zilizo nyingi hazimo.

Sasa pima mtutu. Funga kilango, shusha kijiti polepole mpaka kiguse uso wa kilango, weka alama kwa penseli kwenye usawa wa mdomo, toa, pima. Inchi 22 ndicho kipimo unachokitaka. Lakini kipimo hicho ndicho kila mghushi anakijua, kwa hiyo usikipe uzito kuliko kinavyostahili.

Tangu mabaki ya jeshi yalipoanza kuuzwa kwa raia, bunduki ndefu zilikatwa zikawa fupi. Wengine walizikata bila nia mbaya, ili zibebeke kirahisi porini. Wengine walizikata kwa sababu karabini zilikuwa chache na bunduki ndefu zilikuwa tele, na tofauti ya bei ilistahili kazi ya msumeno. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, kwa sababu karabini yenye vipande vilivyochanganywa bado ni karabini, lakini bunduki ndefu iliyokatwa haiwi karabini hata uivalishe vipande vizuri namna gani.

Anza na mdomo wa mtutu. Mtutu wa bunduki ndefu unapungua unene taratibu kuelekea mdomoni. Ukikatwa kwenye inchi 22, mdomo unabaki mnene kuliko mdomo wa karabini halisi. Pima kipenyo cha nje kwa kalipa, ulinganishe na karabini isiyo na shaka. Jumba la makumbusho au mkusanyaji anayeaminika atakuruhusu ukimwomba vizuri. Angalia pia ukingo wa mdomo wenyewe. Ukingo wa kiwanda umelainishwa kwa usawa na umezeeka pamoja na chuma kingine. Ukingo wa msumeno una rangi yake.

Kisha kilengeo cha mbele. Kwenye bunduki ndefu, kishikizo cha kilengeo ndicho kinachoshika singe, kwa hiyo kimeumbwa kwa kazi hiyo na kimekaa karibu na mdomo. Kwenye karabini hakuna singe; kuna kishikizo kidogo na ubapa uliopigwa pini. Kwenye mtutu uliokatwa, kishikizo kilipaswa kubandikwa upya. Tafuta mstari wa fedha ya kulehemu kuzunguka chini yake, au chuma kilichobadilika rangi kwa moto. Tumia kioo, na geuza mwanga wa tochi pembeni. Mwanga wa mbele unaficha, wa pembeni unaumbua.

Mti unasema ukweli kuliko chuma, kwa sababu mbao haizibiki bila alama. Mti wa bunduki ndefu una mfereji chini yake wa fimbo ya kusafishia mtutu, unaoendelea ndani kama tundu mpaka karibu na kifyatulio. Mti wa karabini hauna mfereji wala tundu. Mghushi lazima auzibe. Atachagua mbao ya mjozi inayofanana na ataisugua vizuri kwa nje, ila mara chache atahangaika na ndani. Fungua skrubu ya mkia wa fremu, telezesha mbele mkanda wa chuma unaobana mtutu kwenye mti, inua mtutu na fremu kutoka kwenye mti. Sasa chungulia kitandani mwa mtutu, yaani ule mfereji wa mti ambamo mtutu unalala. Ukiona kipande cha mbao chenye mishipa inayokwenda upande mwingine, au mstari wa gundi, au tundu lililozibwa, umepata jibu ambalo hakuna namba itakayolibatilisha. Angalia pia ubavuni mahali ambapo mikanda miwili ya bunduki ndefu iliwekewa springi zake. Karabini ina mkanda mmoja.

Halafu kinga ya kifyatulio. Ya bunduki ndefu ina pete ya kufungia ukanda wa bega mbele yake, ya karabini haina. Tundu lililozibwa hapo ni ushahidi mdogo lakini ni wa kweli. Na upande wa kushoto wa mti, mkabala na mtambo, karabini ina chuma kirefu chenye pete inayoteleza, ya kuning'iniza silaha kwenye ndoano ya ukanda wa mpandafarasi. Chuma hicho kinapaswa kuzama kwenye mbao kwa mpaka uliobana, na chini yake mbao iwe imezeeka sawasawa. Kikiwekwa juu ya mti wa bunduki ndefu, huwa kuna makovu ya kitu kilichokuwepo kabla yake.

Ikipita mtihani huo, sasa una karabini, na kazi ya kupanga umri wa vipande inaanza. Mimi hufuata mpangilio uleule kila mara: fremu, kilango, mtambo, kilengeo cha nyuma, mkanda, mti. Kwa kila kimoja naandika kipindi kinachowezekana kabla sijatazama kinachofuata, ili macho yangu yasianze kutafuta kinachopendeza.

Fremu ina namba. Mpaka unaozungumzwa sana ni takriban 43,700: zilizo chini ya hapo huhesabiwa kuwa zilitengenezwa kabla ya vita vya Little Bighorn vya tarehe 25 na 26 Juni 1876, ambako George Armstrong Custer na kikosi cha saba cha wapandafarasi walishindwa na Walakota na Wacheyenne. Nitarudi kwenye jambo hilo kwa sababu linavuruga bei kuliko kingine chochote. Angalia pia kama kuna nyota ndogo iliyopigwa baada ya namba. Nyota inahusishwa na karabini zilizoundwa upya kiwandani kutokana na vipande vilivyokwisha kutumika. Karabini ya nyota ni mchanganyiko tangu siku iliyotoka Springfield kwa mara ya pili, na mchanganyiko wake ndio uhalisi wake.

Kilango cha mwanzo kina maandishi MODEL 1873 pamoja na kichwa cha tai, mishale iliyopishana na herufi US. Cha baadaye kimeandikwa US MODEL 1873, na cha mwisho US MODEL 1884. Kiinue uangalie tumboni: vilango vya mwanzo vimechimbwa upinde wa juu, vya baadaye vina upinde wa chini na chuma kingi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 fremu na kilango vilipanuliwa kidogo, kwa hiyo kilango cha zamani kwenye fremu ya baadaye huacha nafasi pembeni. Nafasi hiyo unaiona kwa macho.

Kwenye bamba la mtambo, maandishi ya mwanzo ni US SPRINGFIELD pamoja na mwaka 1873. Baadaye mwaka uliachwa. Mwaka huo ni wa muundo, si wa kutengenezwa kwa bunduki yenyewe, na nimeshakutana na matangazo mengi ya kuuza yaliyoandikwa "imetengenezwa 1873" kwa sababu ya bamba hilo tu. Sikiliza pia mtambo. Vuta nyundo polepole: wa zamani unalia mara mbili, wa baadaye una meno matatu na unalia mara tatu, baada ya kuongezwa jino la usalama. Bamba lenye 1873 linalolia mara tatu limefunguliwa na kufanyiwa marekebisho wakati fulani, na mara nyingi aliyelifungua ni fundi wa jeshi.

Kilengeo cha nyuma ndicho kipande kinachobadilishwa kuliko vyote, na kinachotafutwa kuliko vyote. Vya karabini na vya bunduki ndefu vilipimwa umbali tofauti kwa sababu risasi zao hazikulingana nguvu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 vilipigwa herufi: C kwa karabini, R kwa bunduki ndefu. Kuna muundo wa mwanzo wa 1873, kuna wa 1879, na kuna ule wa Buffington wa 1884 unaoweza kusogezwa pembeni kufuata upepo. R kwenye karabini ni kosa, ila ni kosa dogo linaloweza kuwa la mtu yeyote, hata la ghala la jeshi. Kilengeo cha muundo wa mwanzo kwenye karabini ambayo vipande vyake vingine vyote vimeboreshwa ndicho kinachonipa shaka zaidi. Jeshi halikurudi nyuma. Likiboresha mti na mtambo, halikuacha kilengeo cha zamani kwa mapenzi. Kilengeo cha namna hiyo aghalabu kimewekwa na mtu wa karne hii au iliyopita aliyetaka kupandisha bei, na vipo vya kuigiza vilivyotengenezwa vizuri.

Mkanda wa chuma unaobana mtutu na mti ni wa haraka: wa mwanzo una kishikizo cha kupangia bunduki zisimame kwa pamoja, wa baadaye hauna.

Mti unahitaji subira. Wa mwanzo una shingo ndefu nyuma ya fremu, na kitako chake ni mbao tupu. Wa kuanzia 1877 una shingo fupi, na bamba la kitako lina mlango mdogo wa kuficha fimbo ya kusafishia iliyokatwa vipande. Mabadiliko hayo hayakuwa ya urembo. Maganda ya risasi ya wakati ule yalikuwa ya shaba nyekundu laini. Yakipata joto na uchafu yaling'ang'ania kwenye chemba, na mpandafarasi hakuwa na kitu cha kuyasukumia nje, maana karabini yake haikuwa na fimbo kama ya askari wa miguu. Baada ya Little Bighorn, Meja Marcus Reno, afisa wa kikosi hicho cha saba, alilalamika rasmi juu ya maganda yaliyokwama. Ukikuta mlango kitakoni, kumbuka kwamba umeshika jibu la jeshi kwa malalamiko ya namna hiyo.

Upande wa kushoto wa mti tafuta mhuri wa mkaguzi. Herufi za ESA ni za Allin, na SWP ni za Samuel W. Porter aliyemfuata, mwaka umeandikwa chini yake. Nyuma ya kinga ya kifyatulio kuna P ndani ya duara, alama ya kufaulu jaribio la kufyatuliwa. Mhuri wenye kingo kali sana kwenye mbao iliyolegea na kuchakaa si wa kawaida. Mbao na mhuri vilizeeka pamoja, kwa hiyo vinapaswa kuchakaa pamoja.

Sasa chukua mfano. Niliwahi kuletewa karabini yenye namba katika elfu thelathini. Kilango kilikuwa MODEL 1873 chenye upinde wa juu. Bamba lilikuwa na mwaka 1873 lakini mtambo ulilia mara tatu. Kilengeo kilikuwa cha 1879 chenye herufi C, mkanda hauna kishikizo, mti una mlango kitakoni na mhuri wa SWP 1881. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa na mnunuzi mmoja kwamba ni "takataka iliyookotezwa" na akapewa bei ya vipande. Soma orodha hiyo tena kwa mpangilio wa miaka: fremu na kilango vya kabla ya katikati ya 1876, kisha mambo yote mapya yanakusanyika kwenye miaka ya 1879 hadi 1881, na baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna cha 1884, hakuna herufi R, hakuna mbao iliyozibwa. Huo si uokotezaji. Ni karabini ya zamani iliyorudishwa kazini, ikavalishwa upya mara moja na watu waliokuwa na ghala la vipande sahihi, ikarejea kwa askari. Skrubu zake zilikuwa na uchakavu wa aina moja, na rangi ya chuma chini ya mkanda ilifuata bila kukatika.

Muda si mrefu nikaona nyingine ambayo kwa orodha ilikuwa safi kupindukia: namba ndogo zaidi, kilengeo cha mwanzo, mkanda wenye kishikizo, mti wa shingo ndefu. Kila kipande cha kabla ya 1876. Nilipoinua mtutu nikakuta mfereji wa fimbo umezibwa kwa ufundi wa hali ya juu, na mdomo wa mtutu ni mnene. Ilikuwa bunduki ndefu. Kwa hiyo ile iliyochanganyika ilikuwa na thamani mara kadhaa zaidi ya hii iliyolingana.

Tuje kwenye bei. Dola zinapanda na kushuka, kwa hiyo mimi hutumia mizani ya mia. Tafuta matokeo ya minada mikubwa ya silaha za kale Marekani kwa karabini ya kipindi kilekile, hali ileile, isiyo na kasoro. Tazama bei iliyolipwa, si iliyoombwa. Hiyo iite 100. Kisha punguza. Hivi ni viwango vyangu vya kazi, na mthamini mwingine anaweza kuvisogeza. Skrubu moja mbili au pete iliyobadilishwa kwa ya wakati uleule: 97 au 95. Kilengeo chenye R: karibu 90. Kilango cha toleo la baadaye kwenye fremu ya zamani, kikiwa kimekaa vizuri: 80 hadi 85. Mti wa karabini halisi lakini usiolingana na kipindi, na bila dalili kwamba jeshi ndilo lililoubadilisha: 70. Mti mpya wa kuigiza: 50, pengine chini. Mbao iliyosuguliwa kwa msasa na chuma kilichopakwa rangi upya inashusha nusu hata kama kila kipande ni sahihi, na sioni huruma hapo, kwa sababu msasa umefuta maandishi ambayo hayawezi kuandikwa tena. Bunduki ndefu iliyokatwa: 20 au 25, yaani fremu, kilango na mtambo kama vipuri.

Mchanganyiko wa jeshi, kama ule wa mfano wangu wa kwanza, unaupimia kwenye mizani nyingine. Usiulinganishe na karabini ya 1875 isiyoguswa, kwa sababu hizo ni adimu sana na bei yake inapaa mbali. Ulinganishe na karabini zilizoboreshwa na jeshi, iliyo bora kati ya hizo uiite 100, na mara nyingi utajikuta hupunguzi karibu chochote. Namba ndogo inaongeza kitu kidogo juu yake.

Kidogo, nasema, na hapa narudi kwa Custer. Namba iliyo chini ya 43,700 haithibitishi kwamba karabini ilikuwa Little Bighorn. Kikosi cha saba hakikufika hata askari elfu moja, na karabini zilizokwisha kutoka kiwandani zilikuwa maelfu, zimetawanyika kwenye vikosi vingine vya wapandafarasi. Ushahidi wa kweli upo kwa chache tu. Moto wa nyasi wa mwaka 1983 uliuacha uwanja wa vita wazi, na uchimbaji ulioanza 1984 ukaokota maganda na risasi. Alama zilizoachwa na pini ya kufyatulia kwenye maganda zikalinganishwa na za bunduki zilizobaki, kama polisi wanavyofanya. Lakini fikiri pini iko wapi. Iko ndani ya kilango. Alama ya pini inathibitisha kilango, na kilango kinatoka kwa kuondoa mhimili wa bawaba yake. Kwa hiyo kwenye karabini mchanganyiko, hata ushahidi wa maabara unahitaji kwanza ujue kama kilango na fremu vimeishi pamoja. Ukiletewa hadithi ya Custer bila karatasi yoyote, thamini chuma na mbao, hadithi iandike kama ilivyosimuliwa, na usiipe hata dola moja.

Upande wa sheria za Marekani, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake inahesabiwa kuwa ya kale chini ya sheria ya shirikisho ya 1968, kwa hiyo fremu hizi haziko kwenye utaratibu wa bunduki za kisasa. Majimbo yana sheria zake, na nchi nyingine zina za kwao. Uliza kabla ya kununua au kusafirisha.

Nakusihi usiirekebishe. Ukishajua kwamba kilengeo si chake, kishawishi cha kununua kilicho sahihi ni kikubwa, na vipo sokoni. Ukikifunga, kesho karabini itakuwa na kipande kisicho na historia yoyote pamoja nayo, na anayekuja baada yako hatajua kwamba wewe ndiye uliyekifunga. Usivunje pia ili kuuza vipande, hata pale ambapo jumla ya vipande inaonekana kuzidi bei ya kitu kizima. Kilengeo cha mwanzo kilichong'olewa kwenye karabini yake kinakwenda moja kwa moja kuvalishwa bunduki iliyokatwa, na mlolongo wa udanganyifu unaendelea kwa mkono wako.

Unapoandika hati ya thamani au tangazo la kuuza, andika kipande kwa kipande: fremu namba fulani, ya kabla ya katikati ya 1876, kilango cha 1873 chenye upinde wa juu, mtambo wa meno matatu, kilengeo cha 1879, C, mti wa baada ya 1877 wenye mhuri huu na huu, mtutu inchi 22, kipenyo cha mdomo kadhaa. Piga picha ya kitanda cha mtutu ukiwa umeufungua, kwa sababu mnunuzi makini ataiomba hiyo kabla ya nyingine yoyote. Penye "kimebadilishwa", sema unadhani na nani na kwa nini unadhani hivyo. Na ikiwa mmiliki wa awali alibadilisha kitu na cha zamani bado kipo kwenye kopo la skrubu au bahasha ya droo, kisirudishwe na kisitupwe. Kifungwe, kiandikwe kilikotoka, na kiende na karabini kila inapokwenda.